Nuru Ipimwe Usoni

(Maneno ya hotuba juu ya fokasi na kiasi cha nuru katika picha za filamu, kwa walimu, wazee na vijana wa Magomeni, Kilosa)



Leo nataka kusema nanyi juu ya kazi ya kupiga picha kwa kamera ya filamu, na hasa juu ya mambo mawili ambayo kila mpiga picha hana budi kuyajua kabla ya mengine yote. La kwanza ni kiasi cha nuru, yaani kuipa filamu mwanga wa kutosha, usiopungua wala usiozidi mno. La pili ni fokasi, yaani kuiweka lenzi sawasawa hata mtu anayepigwa picha aonekane wazi, bila ukungu. Mengine yote ya kazi hii yajengwa juu ya mawili haya, kama nyumba ijengwavyo juu ya msingi.

Huenda wako watakaouliza: Siku hizi kila kijana ana simu yenye kamera ndani yake, ya nini tena kujifunza filamu? Swali hili ni la haki, na jawabu lake ni hili. Simu humfanyia mtu hesabu yote kimya kimya, naye hajui imefanya nini. Ikikosea, hajui namna ya kuisahihisha. Kamera ya filamu haimfichi mtu kitu. Yeye mwenyewe huchagua, na akisha kuchagua hana njia ya kurudi nyuma. Mkanda mmoja wa kawaida una nafasi 36 tu, na picha haionekani mpaka filamu isafishwe. Basi aliyejifunza kwa filamu hujifunza kutazama nuru kwa macho yake, na elimu hiyo humfaa hata ashikapo simu. Tena filamu haijakoma duniani. Kodak huko Rochester, Marekani, na Ilford huko Mobberley, Uingereza, wangali wakiitengeneza, na kamera za zamani zingali zikilala katika makabati mengi, zikingoja mtu wa kuzitumia.

SABABU YA MANENO HAYA

Labda kila mwalimu hapa amekwisha kuona picha ya darasa ya namna hii: watoto wamesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, nao wamevaa mashati meupe ya shule. Ukuta wang'aa, mashati yang'aa, walakini nyuso za watoto ni vivuli tu, wala mama hawezi kumtambua mwanawe ila kwa mahali aliposimama. Watu hucheka wakasema, "Huyu ni mweusi mno, kamera haimwoni." Neno hilo si kweli, tena lamwumiza mtoto. Uso wa mtoto haukukosa kitu. Aliyekosa ni mpiga picha, maana alipima nuru ya ukuta, akaacha kupima nuru ya uso.

Jambo hili si dogo. Katika nyumba nyingi, mtu akifa huachwa picha moja tu, au mbili. Wajukuu wake ambao hawakumwona watamjua kwa picha hiyo. Ikiwa uso umezama gizani, basi wamemkosa babu yao mara mbili. Kwa hiyo nimekuja na neno moja kubwa, na mengine yote yatalifuata hilo: nuru ipimwe usoni, na fokasi iwekwe jichoni.

FILAMU NI KITU GANI

Kwanza yafaa tujue filamu ni kitu gani. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa gundi laini iitwayo jelatini, na ndani ya jelatini hiyo mna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Fedha ninayoitaja hapa ni ile madini ambayo sonara hufulia pete. Nuru ikiipiga chembe ya chumvi hiyo, huigeuza kidogo, wala jicho haliwezi kuona mageuzi hayo. Ndipo filamu hutiwa katika dawa gizani, na zile chembe zilizopigwa na nuru hugeuka fedha nyeusi. Halafu hutiwa dawa ya pili, nayo huondoa chumvi yote ambayo haikupata nuru, ili filamu iweze kutolewa nje bila kuharibika. Mwisho huoshwa kwa maji safi na kuanikwa. Kazi hii yote ndiyo mafundi wetu waitayo kusafisha filamu.

Kitokacho ni negativu, nayo ni picha iliyogeuzwa: palipokuwa na nuru nyingi pamekuwa peusi, na palipokuwa na giza pamebaki peupe. Njia hii ya kupata negativu moja na kutoa picha nyingi kwayo ilitengenezwa na Mwingereza William Henry Fox Talbot, naye aliipatia hati ya haki yake mwaka 1841, miaka miwili baada ya Mfaransa Louis Daguerre kuonyesha ulimwengu njia yake ya kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha.

Hapo pana jambo ambalo nataka mlishike sana. Mahali ambapo nuru haikufika juu ya filamu, hapana fedha. Na pasipo na fedha hapana picha. Fundi aweza kuitia nguvu picha hafifu, lakini hawezi kutoa kitu mahali ambapo hamna kitu. Kinyume chake, nuru ikizidi kidogo katika filamu ya negativu, fundi aweza kuirudisha wakati wa kutoa picha katika karatasi. Kwa hiyo, katika filamu ya negativu, afadhali nuru izidi kidogo kuliko kupungua. Filamu zile za slaidi, ambazo hutazamwa zenyewe kwa kuangaziwa taa, zina kanuni ya kinyume. Hizo nuru ikizidi huungua, wala hazina dawa.

MTUNGI NA BOMBA

Kiasi cha nuru huamuliwa na mambo matatu. Natufananishe na kuteka maji bombani. Una mtungi wa kujaza. Bomba ukilifungua sana, mtungi hujaa upesi. Ukilifungua kidogo, hujaa polepole. Na mtungi wenyewe waweza kuwa mdogo au mkubwa.

Mtungi ni filamu. Kila mkanda una nambari yake, nayo huandikwa juu ya boksi pamoja na herufi ISO: 100, 200, 400 na kadhalika. Nambari kubwa maana yake filamu hushiba upesi kwa nuru kidogo. Filamu ya 400 yataka robo ya nuru itakiwayo na filamu ya 100. Walakini chembe zake ni kubwa zaidi, na picha ikikuzwa sana, chembe hizo huonekana kama mchanga.

Mdomo wa bomba ni tundu la lenzi, ambalo laweza kupanuliwa na kupunguzwa. Juu ya lenzi mtaona nambari hizi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na pengine 22. Wengi hutatizwa nazo kwa sababu nambari kubwa ni tundu dogo. Lakini fikirini hesabu za sehemu. Nambari hizo ni mgawanyo: urefu wa lenzi umegawanywa kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimeta 50 ikiwekwa kwenye 2, tundu lake lina upana wa milimeta 25. Ikiwekwa kwenye 16, tundu lina milimeta 3 tu na kitu kidogo. Kama vile sehemu moja ya 16 ya mkate ilivyo ndogo kuliko nusu ya mkate, ndivyo tundu la 16 lilivyo dogo kuliko tundu la 2. Kila hatua moja katika nambari hizo, tuseme kutoka 8 kwenda 11, hupunguza nuru kwa nusu. Hatua hiyo tutaiita daraja moja.

Muda wa kufungua bomba ni muda wa shata, yaani kile kijilango kilicho mbele ya filamu ambacho hufunguka na kufunga. Nambari zake ni 30, 60, 125, 250, 500, na maana yake ni sehemu ya sekunde: sehemu moja ya 30, sehemu moja ya 60, na kuendelea. Hapa nako kila hatua hupunguza nuru kwa nusu.

Kwa kuwa pande zote mbili hwenda kwa nusu na maradufu, yawezekana kubadilishana. Tundu la 16 kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde huleta nuru sawa na tundu la 11 kwa sehemu moja ya 250, na sawa na tundu la 8 kwa sehemu moja ya 500. Mtungi umejaa vile vile; kilichobadilika ni namna ya kuujaza.

KANUNI YA JUA

Ikiwa kamera haina kipima nuru, au betri yake imekwisha, msikate tamaa. Iko kanuni ya zamani ambayo wapiga picha wa dunia nzima huitumia. Jua likiwa kali na mbingu nyeupe, weka tundu kwenye 16, na muda wa shata uwe sawa na nambari ya filamu. Filamu ya 100 yataka sehemu moja ya 100 ya sekunde, na kwa kuwa kamera nyingi hazina 100, tumia 125. Filamu ya 400 yataka sehemu moja ya 400, basi tumia 500.

Mawingu mepesi yakilifunika jua hata vivuli vikafifia, fungua tundu daraja moja, yaani 11. Mawingu yakizidi na vivuli vikaisha kabisa, nenda 8. Mtu akiwa katika kivuli kilicho wazi, kama upenuni mwa nyumba au chini ya mwembe ukingoni mwa kivuli chake, nenda 5.6. Aandikaye nambari hizi nne nyuma ya kamera yake amepata mwalimu asiyetaka mshahara.

Lakini kanuni hii ina shimo lake katika nchi yetu. Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini mwa mstari wa ikweta. Mwanzo wa Machi na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu wima juu ya vichwa vyetu, na hata mwezi wa Juni halishuki sana. Nuru ya wima hupiga paji la uso na pua, na macho hubaki ndani ya mashimo ya giza. Aliyevaa kofia au baragashia pana hupotea nusu ya uso. Kwa hiyo msipige picha za watu saa sita mchana katika uwanja ulio wazi. Saa nzuri ni za asubuhi, tangu saa moja hata saa tatu, na za jioni tangu saa kumi, ambapo jua huja kwa ubavu. Na ikiwa hapana budi kupiga picha mchana, mwondoeni mtu juani mkamweke kivulini, akielekea upande wenye mwanga. Nuru ya kivuli ni laini, nayo huingia hata ndani ya macho.

KIPIMA NURU HAKIJUI UNAMTAKA NANI

Sasa nafika penye shina la maneno yangu. Kamera nyingi za tangu miaka ya 1960 zina kipima nuru ndani yake, kijisindano au kijitaa kinachosema nuru yatosha au haitoshi. Watu hukiamini kama mizani ya sokoni. Ni mizani kweli, lakini haina akili. Kimefundishwa neno moja tu: kila kilicho mbele yangu ni cha rangi ya kijivu ya katikati, irudishayo karibu sehemu 18 katika 100 ya nuru inayoiangukia. Hakijui shati, wala ukuta, wala mtoto.

Ukikielekeza kwenye ukuta wa chokaa, kitasema, "Nuru ni nyingi mno, punguza," kikaufanya ukuta mweupe uwe wa kijivu. Na watoto waliosimama mbele ya ukuta huo watashuka pamoja nao, hata nyuso zao ziingie katika giza lile lisilo na fedha juu ya filamu. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe hupatwa na jambo lile lile. Kanzu humla mwenyewe. Bibi harusi mwenye shela nyeupe kadhalika. Kinyume chake, mama aliyevaa buibui jeusi, kipima nuru kikilitazama buibui tu, kitasema, "Giza mno, ongeza," na uso wake utatoka umepauka.

Dawa ni nyepesi, nayo yataka miguu tu. Nenda karibu na mtu, hata uso wake ujaze kioo cha kutazamia. Angalia usimtie kivuli chako mwenyewe. Soma kipima nuru hapo, uweke tundu na shata kama kisemavyo, kisha urudi nyuma mahali pako, upige bila kubadilisha kitu, hata kipima nuru kikipiga kelele. Ikiwa huwezi kumkaribia mtu, pima kiganja chako mwenyewe katika nuru ile ile aliyosimama yeye. Kiganja ni cheupe kuliko kijivu ya katikati, kwa hiyo wapiga picha huongeza daraja moja baada ya kukipima.

Mtu mwenye uso mweusi sana akipimwa namna hii, kipima nuru kitaongeza nuru kidogo kuliko ilivyo rangi yake ya kweli. Hilo si dhara. Nimekwisha kusema kwamba negativu yastahimili kuzidi kuliko kupungua, na fundi ataishusha rangi mahali pake wakati wa kutoa picha. Mng'ao wa paji, kona za macho, mistari ya mdomo, vyote vitakuwamo ndani ya filamu. Na katika darasa lenye watoto wa rangi mbalimbali, mpime yule aliye mweusi kuliko wote. Yeye akionekana vizuri, wote wataonekana.

Nanyi msidhani ya kuwa shida hii ni ya vijijini kwetu tu. Kuanzia miaka ya 1950, mafundi wa Kodak walipatanisha mashine zao za kutoa picha za rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa kadi za Shirley. Rangi ikiwa sawa kwa Shirley, ilihesabiwa kuwa sawa kwa watu wote. Mtafiti Lorna Roth wa Canada, katika maandiko yake ya mwaka 2009, alieleza ya kuwa miongoni mwa walioisukuma kampuni irekebishe filamu zake walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutofautiana vizuri katika picha. Basi fikirini: malalamiko ya wauza chokoleti na meza nayo yalihitajika ili watu weusi waonekane vyema. Kwa hiyo mpiga picha wa kwetu asiiachie mashine uamuzi. Yeye ndiye ajuaye anampiga nani.

FOKASI IWEKWE JICHONI

Sasa tuje kwenye fokasi. Lenzi huweza kuweka wazi umbali mmoja tu kwa wakati mmoja. Ukiigeuza pete yake kwenye meta 3, kilicho meta 3 huwa wazi kabisa, na vilivyo mbele na nyuma yake hufifia kidogo kidogo. Ule upana wa mahali panapoonekana wazi hutegemea tundu. Tundu likiwa kubwa, upana huo huwa mwembamba kama uchochoro. Tundu likiwa dogo, hupanuka kama barabara.

Nawapeni hesabu. Chukua lenzi ya milimeta 50, uiweke kwenye meta 3 na tundu 2. Mahali palipo wazi ni tangu meta 2.8 hata meta 3.2, yaani karibu sentimeta 40 tu. Mtu akijongea hatua moja ametoka. Lenzi ile ile iweke kwenye meta 5 na tundu 16, na vitu vitaonekana wazi tangu meta 2 na nusu hata mbali sana, kule milimani. Juu ya lenzi nyingi mmechorwa mistari inayoonyesha mwanzo na mwisho wa upana huo kwa kila tundu. Watu wengi hawaisomi, na ndiyo ramani yenyewe.

Apigaye picha ya mtu mmoja kwa karibu aweke fokasi katika jicho, na kama mtu amegeuka upande, katika jicho lililo karibu na kamera. Binadamu akitazama picha hutafuta macho kwanza. Sikio likiwa na ukungu, hakuna alalamikaye. Jicho likiwa na ukungu, picha imekufa.

Ikiwa kamera haina kioo cha kuonyesha fokasi, pimeni kwa hatua. Mtu mzima na apime hatua yake nyumbani kwa futi ya fundi seremala, ajue ni sentimeta ngapi. Hatua nne za sentimeta 75 ni meta 3. Kamera za sanduku za zamani, kama ile Brownie ambayo Kodak waliiuza kwa dola moja mwaka 1900, hazikuwa na fokasi ya kugeuza. Ziliwekwa kiwandani ili vitu vilivyo mbali kiasi vionekane wazi, na mwenye kamera alitakiwa kusimama mahali panapofaa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza kazi yake akiwa mtoto wa shule na kamera ya sanduku ya namna hiyo. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix huko Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu mzima. Kamera duni haimzuii mtu ajuaye anachokifanya.

Pana adui mwingine wa uwazi, naye ni mkono unaotetemeka. Picha iliyotikisika hufanana na picha iliyokosa fokasi, lakini tofauti yake ni kwamba ndani yake hakuna mahali po pote palipo wazi. Kwa lenzi ya milimeta 50, usipige kwa mkono mtupu chini ya sehemu moja ya 60 ya sekunde. Bana viwiko mbavuni, egemea mti au ukuta, na ufyatue polepole kama mtu abonyezaye tunda kuona kama limeiva. Na kwa kitu kinachokwenda, kama mchezaji wa mpira au mnyama wa mbuga ya Mikumi, muda wa sehemu moja ya 500 hufaa zaidi. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyetoa kitabu chake mwaka 1905, aliwapiga picha wanyama wa nchi hii usiku kwa mwako wa unga wa magnesi, maana giza la usiku halikumpa nuru yo yote ya kutumia.

PICHA YA DARASA, TANGU MWANZO HATA MWISHO

Sasa tuyakusanye yote katika kazi moja. Mwalimu ana watoto 30 na mkanda wa 400. Saa mbili na nusu asubuhi awaweke upande wa kivuli wa jengo, wakielekea mahali penye mwanga, safu tatu: wa mbele wameketi chini, wa kati wameketi juu ya benchi, wa nyuma wamesimama. Asiwabananishe na ukuta mweupe. Ukiwapo mti au majani nyuma yao, ni bora zaidi.

Akiwa na lenzi ya milimeta 50, asimame meta 6 kutoka safu ya kati, na fokasi aiweke hapo hapo, katika macho ya mtoto wa safu ya kati. Tundu aliweke kwenye 8. Kwa tundu hilo, tangu karibu meta 4 hata karibu meta 14 pote ni wazi, basi safu zote tatu zimo ndani kwa raha. Kisha asogee apime nuru katika uso wa mtoto aliye mweusi kuliko wenzake. Katika kivuli cha wazi, kipima nuru kitataja karibu sehemu moja ya 250 au 125. Arudi mahali pake, awaambie watoto wavute pumzi, apige mara mbili, kwa kuwa daima yuko mmoja anayefumba macho. Picha mbili katika 36 si hasara.

KUHIFADHI

Mwisho nina maneno machache juu ya kuhifadhi. Filamu huharibiwa na joto. Msiuache mkanda ndani ya gari lililosimama juani, wala juu ya dirisha. Na wale wasafishao filamu nyeusi na nyeupe wenyewe wakumbuke kwamba vipimo vya dawa nyingi vimeandikwa kwa maji ya nyuzi 20, na maji ya Kilosa aghalabu yana joto zaidi ya hapo. Dawa yenye joto hufanya kazi upesi mno, na jelatini hulainika. Maji yaliyolala usiku kucha katika mtungi wa udongo hupoa vizuri. Anzeni na hayo, mkapime kwa kipimajoto.

Kila mkanda mpigapo, andikeni katika daftari: nambari ya picha, tundu, muda, hali ya jua, na jina la mtu. Filamu ikisafishwa, linganisheni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu nayo ni mali.

Kisha negativu zitunzwe mbali na picha zenyewe, mahali pakavu, katika bahasha safi, na ikiwezekana katika nyumba nyingine. Huko Mji Mkongwe, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua studio yake iitwayo Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit Oza akaiendeleza. Wageni na wenyeji wamezitazama humo picha za miaka mingi iliyopita kwa sababu mtu alizitunza. Na sisi watu wa Kilosa twajua maji yanavyoweza kufanya. Mafuriko ya Mkondoa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu nyumba nyingi na kuing'oa reli. Maji yakiingia ndani hayachagui. Huchukua godoro, na cheti, na picha ya marehemu. Lakini kipande cha negativu kilichowekwa kwa ndugu aliyeko mlimani chaweza kutoa picha mpya, hata baada ya miaka hamsini.

Basi ndugu zangu, mshikapo kamera, iwe ya filamu au ya simu, jiulizeni kwanza: Nampiga nani, na uso wake unapata nuru gani? Mpimeni hapo. Wekeni fokasi katika jicho lake. Mengine yatafuata. Na mwaka huu shule zitakapofunga, walimu wapigapo picha za watoto wao wanaomaliza, natumaini kila mzazi atakayeipokea picha ile ataweka kidole juu yake bila kusita na kusema, "Huyu hapa ndiye wangu."